Kijiko Kimoja, Usoke

Changu kilikuwa kidonge kimoja, Mihayo.
Nakimeza usiku kwa maji ya mtungini,
nageukia ukuta, nalala.
Zako zilikuwa chupa mbili na bomba,
alfajiri kabla jirani hajafungua mlango,
jioni moshi wa bani ukishatanda,
na mimi niliyekuambukiza
ndiye niliyekubana pua.

Walisema dawa ikae mahali pa baridi.
Baridi ipi, Usoke, mwezi wa kumi,
majani ya tumbaku yanaungua yakiwa shambani?
Nilichimba shimo chini ya mtungi,
nikatia mchanga, nikaulowesha kutwa mara tatu,
nikazika chupa kama mke anayeficha
pesa za mauzo.
Lebo nilizibandua kwa kucha.

Niliwahi kuionja. Tone moja tu:
shubiri iliyolala ndani ya gongo.
Nikatema uani.
Wewe hukuruhusiwa kutema.
Ukitapika mapema, nipime upya;
ukichelewa kutapika, nihesabu imekaa.
Saa sikuwa nayo. Nilipima kwa maharage,
sufuria ikichemka mara ya pili
naanza kupumua.

Mjomba wako Kasele akaleta asali ya msituni,
nyeusi, nzito, ina vipande vya nta.
Nikakulambisha kila baada ya bomba.
Ukajifunza upesi, lakini si nililokufundisha:
kibuyu cha asali kikionekana
uchungu uko njiani.
Ukakimbilia nyuma ya bani.
Mtoto wa Unyamwezi anakimbia asali!
Watu walicheka,
nikacheka nao. Ningewaambia nini?

Dawa za kufubaza, ndivyo zinavyoitwa.
Kufubaa nakujua, ni kanga iliyosahauliwa juani.
Ila niliyemwona akifubaa ni wewe,
nywele, kiganja, hata sauti.
Kilo kumi na moja Januari.
Kilo kumi na moja Juni.
Nesi Nyanzobe hakunigombeza.
Aliandika tu, na kalamu ilikwaruza.

Kisha siku ile, kopo dogo mezani.
"Maji kijiko kimoja. Koroga, mpe. Mara moja kwa siku."
Na zile nyingine?
"Zote zinayeyuka humo humo."
Na baridi?
"Popote, mama. Pawe pakavu tu."
Nikauliza tena. Foleni ikakohoa.
Mtu akitua mzigo wa kuni
shingo haiamini mara moja.

Usiku maji yakageuka meupe kijikoni,
yananukia tunda nisilolijua.
Ulifumba mdomo. Nilingoja
mpaka mkono ukatetemeka.
Sikukubana pua.
Ukanusa. Ukagusa kwa ncha ya ulimi,
ukanitazama kama mtu aliyerudishiwa chenji
kubwa kuliko noti aliyotoa.
Ukanywa.
"Imeisha?"

Haijaisha, mwanangu, na sitakudanganya.
Kuna mwezi kopo halikuja,
nikakodi baiskeli hadi Urambo,
nikarudi na za siku kumi na nne
na kisigino kilichochunika.
Na kuna siku utaniuliza dawa hii ni ya nini.
Sentensi hiyo nimeianza mara nyingi
nikichambua mchele.
Hunikatikia kwenye neno la pili.

Shimo chini ya mtungi nimeshindwa kulifukia.
Sasa una miaka saba, unakoroga mwenyewe,
kijiko kinagonga kikombe,
unahesabu kwa sauti ya darasani.
Mizani imeanza kukutii, kilo ishirini kasoro.
Unachota maji, unanisogezea kidonge:
"Mama, chako hiki."
Tunakunywa pamoja, taa haijazimwa,
mlango haujafungwa.

Asali, hata leo, hutaki.